Siku za Kikohozi Zihesabiwe
Somo la afya ya kifua kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Katibu wa chama cha msingi ni mtu wa hesabu. Pamba ikipimwa mizanini, kilo zake huandikwa. Mkulima hupewa stakabadhi. Mzigo huhesabiwa unapoingia ghalani na unapotoka. Kilo kumi zikipungua, halmashauri huuliza zimekwenda wapi, wala haitulii mpaka jibu lipatikane. Hata hivyo, katika chama hicho hicho huenda akawapo mtu aliyekohoa tangu siku mizani ilipofunguliwa hadi siku ilipofungwa, na asiwepo hata mmoja aliyezihesabu siku zake.

Somo hili lahusu hesabu tatu ambazo kila mwanachama aweza kuzifanya pasipo kuwa mganga: hesabu ya siku za kikohozi, hesabu ya pumzi za mtoto, na hesabu ya miezi ya dawa. Baada ya hizo yatatajwa mambo ya kifua ambayo hayangoji hesabu yoyote. Kutambua ugonjwa ni kazi ya wataalamu wa zahanati na hospitali. Kazi ya mwanachama ni kuijua saa ya kwenda huko.

MFANO WA KIBARUA WA GHALA

Ifikiriwe hali ya kibarua mmoja anayepakia pamba katika ghala la chama. Juma la pili la ununuzi aanza kukohoa. Wenzake wamwambia kuwa ni vumbi, naye akubali, kwa kuwa ghalani kila mtu hukohoa. Anunua dawa ya maji ya kifua dukani. Juma la tano nguo zaanza kumpwaya. Jioni ahisi homa ndogo, na usiku aamka shuka likiwa limelowa jasho. Mkewe amsihi aende zahanati, lakini yeye ajibu kuwa akikosa siku mbili nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Msimu ukiisha ndipo atakwenda. Nyumbani analala chumba kimoja na watoto watatu, na mdogo wao hajafikisha miaka mitano.

Mtu huyu hakufanya uzembe. Alikuwa na sababu mbili zinazoeleweka: vumbi la kulaumiwa na ujira wa kulindwa. Lakini ikiwa ana kifua kikuu, kila juma analongoja laongeza hatari kwake, kwa watoto wake, na kwa wenzake walio naye ghalani. Laiti katibu au mwenzake yeyote angezihesabu siku zile, safari ya zahanati ingefanyika mwanzoni mwa juma la tatu la kikohozi.

HESABU YA KWANZA: SIKU ZA KIKOHOZI

Kikohozi chenyewe si ugonjwa. Ni njia ya mwili ya kusukuma nje kitu kinachosumbua mapafu au njia za hewa, kiwe vumbi, moshi, makohozi au vijidudu. Mafua ya kawaida huleta kikohozi ambacho kwa watu wengi hupungua siku hadi siku. Mafua hayo huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria haziyaponyi, hata zikinunuliwa kwa bei kubwa.

Kanuni ya kushikwa ni hii: mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu. Asingoje kukonda, wala asingoje kuona damu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje hata wiki hizo mbili. Kikohozi cha siku chache kinatosha kumpeleka, kwa kuwa kinga ya mwili ikipungua kifua kikuu hupata nafasi upesi. Dalili nyingine zinazoambatana na ugonjwa huu ni homa za jioni, kutokwa jasho jingi usiku, kupungua uzito bila sababu, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Atakayekohoa damu, hata ikiwa kidogo, aende siku hiyo hiyo.

Kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho daktari wa Kijerumani Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kijidudu hicho husafiri kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Hakiambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa kula sahani moja, wala hakiletwi na uchawi au laana ya ukoo. Mgonjwa mmoja wa mapafu asiyetibiwa aweza kuwaambukiza watu zaidi ya kumi katika mwaka mmoja, hasa wale wanaolala naye au wanaofanya kazi naye mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Kipimo cha kawaida ni cha makohozi. Mgonjwa hupewa kikopo chenye mfuniko. Yafaa akae mahali pa wazi, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe kwa nguvu ili yatoke makohozi ya ndani ya kifua. Mate ya mdomoni hayafai, kwa kuwa yaweza kutoa jibu la uongo. Siku hizi zipo mashine zinazotambua vijidudu hivyo kwa muda usiofika saa mbili, na kuonyesha pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu. Zahanati isiyo na mashine hiyo huweza kupeleka kikopo kwenye kituo kilicho nayo. Nchini Tanzania, uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali; kwa hiyo umaskini usiwe sababu ya kungoja.

JE, NI VUMBI TU?

Katika maeneo ya pamba jibu la haraka kwa kila kikohozi ni vumbi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na kwa hiyo ndilo linalopoteza watu wengi.

Vumbi la pamba huweza kweli kudhuru mapafu. Watu wanaofanya kazi kwa muda mrefu katika viwanda vya kuchambulia pamba na vya kusokota nyuzi huweza kupatwa na ugonjwa uitwao bisinosisi. Alama yake ya awali ni ya pekee: kifua hubana na pumzi kuwa nzito siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, yaani mara nyingi Jumatatu, kisha hali hupungua kadiri juma linavyoendelea. Vumbi likiendelea kwa miaka, kubanwa huko huenea katika siku nyingine, na madhara huweza kuwa ya kudumu. Mfanyakazi anayeona kwamba kifua chake hufuata kalenda ya kazi namna hii yampasa amweleze mtaalamu wa afya habari hiyo yote, kwa kuwa kipimo cha makohozi peke yake hakitaifunua.

Basi tofauti itazamwe. Kikohozi cha vumbi huelekea kupungua mtu anapokaa mbali na ghala. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda si kazi ya vumbi. Walakini mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, vumbi na kifua kikuu. Ndiyo maana kanuni ya wiki mbili haina ubaguzi kwa wafanyakazi wa ghalani. Vumbi lisikubaliwe kuwa jibu mpaka makohozi yamepimwa.

Moshi nao una sehemu yake. Anayevuta sigara kwa miaka mingi, au anayepika kila siku kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, huweza kuharibikiwa njia za hewa polepole, hata kupanda kilima kidogo kukawa kazi nzito. Madhara hayo hayaondoki yote, lakini kuacha sigara kwafaa katika umri wowote. Jiko likihamishiwa mahali penye hewa, au likitengenezewa bomba la moshi, mama na mtoto aliye mgongoni hupumua moshi mdogo zaidi.

Upo pia ugonjwa wa pumu. Huu hauambukizi. Kifua hubana, mgonjwa hutoa mlio kama wa filimbi anapotoa pumzi, na hali hiyo huja na kuondoka, hasa usiku, wakati wa baridi, au penye vumbi na moshi. Dawa ya kuvuta kwa kinywa, ambayo wengi huiita pampu, haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama isemwavyo mitaani. Mwenye pumu aliyeandikiwa dawa ya kila siku asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri huko ndiko matunda ya dawa.

HESABU YA PILI: PUMZI ZA MTOTO

Kwa mtoto mdogo siku kumi na nne ni nyingi mno. Nimonia, yaani homa ya mapafu, huweza kumwua mtoto kwa siku chache. Mzazi anayeweza kuhesabu hadi sitini anacho kipimo chake.

Mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua atulizwe kwanza, asiwe analia wala kunyonya. Nguo ifunuliwe kifuani. Kisha saa au simu iwekwe mbele, na kifua kitazamwe kwa dakika moja kamili. Kila kinapoinuka ihesabiwe pumzi moja. Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifikia idadi hizi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye pumzi za namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi miwili apelekwe mara moja, bila kungoja mapambazuko. Aidha, safari iwe ya dharura kwa mtoto wa umri wowote ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani anapovuta pumzi, au asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na ni vigumu kumwamsha. Kumkata mtoto kimeo au kumchanja kifua hakuondoi nimonia. Humwongezea jeraha na kumpotezea saa alizohitaji.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya kifua kikuu hutolewa mtoto anapozaliwa, na humkinga hasa na aina kali za ugonjwa huo utotoni. Chanjo ya kuzuia bakteria wanaoleta nimonia imo katika chanjo za kawaida za watoto wa Tanzania tangu mwaka 2013. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo humwongezea mtoto nguvu ya kupambana na magonjwa haya.

HESABU YA TATU: MIEZI YA DAWA

Aliyekutwa na kifua kikuu cha kawaida cha mapafu hutibiwa kwa kawaida miezi sita: miezi miwili ya mwanzo kwa dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na miezi minne ya mwisho kwa dawa mbili. Muda huu una siri moja inayofaa kufahamika na kila mtu. Baada ya majuma machache homa hukoma, uzito hurudi, kikohozi hupungua, na mgonjwa hudhani amepona. Kumbe vijidudu vilivyobaki vimelala tu. Akiacha dawa hapo, ugonjwa huweza kurudi, na safari hii ukawa sugu, ukahitaji dawa nyingine zenye maudhi zaidi.

Mwanzoni mwa dawa mkojo huweza kuwa na rangi ya machungwa mabivu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, na haidhuru. Lakini macho yakigeuka manjano, kutapika kusikokoma kukaanza, uwezo wa kuona ukipungua, au miguu ikifa ganzi, mgonjwa arudi kituoni upesi. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze mtaalamu, kwa kuwa dawa hizi hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Mgonjwa aliyeanza dawa sahihi na kuzimeza kila siku hupunguza sana kuambukiza wengine katika majuma machache ya mwanzo. Basi hakuna haja ya kumtenga kwa miezi sita, wala kumpa sahani yake peke yake. Walio nyumbani kwake wote wachunguzwe, na watoto wa chini ya miaka mitano watazamwe kwanza, maana wasio na ugonjwa huweza kupewa dawa ya kuwakinga.

Hapa yafaa ikumbukwe kwamba Tanzania imetoa fundisho kwa dunia nzima. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wa nchi hii kuujenga. Nguvu yake haikuwa katika majumba makubwa. Ilikuwa katika dawa zisizokatika, na katika daftari: kila mgonjwa aliandikwa, na baada ya muda wake ilibidi ielezwe alipona, aliacha dawa, alihama au alikufa. Taarifa zilijumlishwa kila robo mwaka. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa namna hiyo katika nchi nyingi. Katibu anayeandika daftari la chama kwa uaminifu ataitambua kazi hiyo, kwa kuwa ni ndugu wa kazi yake.

MAMBO YASIYONGOJA HESABU

Yapo mambo ya kifua ambayo mtu asihesabu siku wala saa, bali atafutiwe usafiri hapo hapo:

1. Kushindwa kupumua, au kushindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, au midomo kugeuka rangi ya bluu au kijivu.

2. Maumivu mazito katikati ya kifua, kama ya kukandamizwa, yanayodumu zaidi ya dakika chache, hasa yakienea mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho na kichefuchefu. Huo huweza kuwa ugonjwa wa moyo. Usidharauliwe kwa kuitwa kiungulia.

3. Kukohoa damu nyingi.

4. Kichomi kikali cha ghafula pamoja na kuhema, hasa kwa mtu ambaye mguu wake mmoja umevimba, au mama aliyejifungua karibuni, au aliyelala kitandani muda mrefu.

5. Kubanwa kifua baada ya kunyunyizia dawa ya wadudu, pamoja na kutokwa mate na jasho jingi, na mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Mgonjwa aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni na maji, na apelekwe hospitali. Anayemhudumia ajikinge mikono. Chupa au karatasi yenye jina la dawa ichukuliwe pamoja naye, kwa sababu tabibu huijua tiba kwa kulijua jina hilo.

WAJIBU WA CHAMA

Chama cha msingi si zahanati, lakini kinayo mambo manne kiwezayo kuyafanya.

Kwanza, halmashauri iamue mapema, kabla ya msimu, kwamba kibarua anayekwenda kupimwa hatapoteza nafasi yake. Uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu na usomwe mbele ya vibarua wote. Yule wa mfano wetu hakuogopa sindano. Aliogopa kukuta mtu mwingine amesimama mahali pake.

Pili, ghala lipate hewa. Madirisha na milango ifunguliwe wakati wa kazi. Sakafu isifagiwe kwa fagio kavu watu wakiwa ndani; vumbi likusanywe kwa namna isiyolirusha hewani. Hewa ipitayo hupunguza vumbi, na hupunguza pia vijidudu vya kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi kuwa kinga. Vifaa maalumu vya kuzuia vumbi vikipatikana, vinunuliwe na kutumiwa.

Tatu, katibu atunze siri. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe mkutanoni wala visiandikwe katika daftari la chama. Si kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI, ingawa kila mgonjwa hushauriwa kupima. Neno moja la mzaha mizanini laweza kuwafanya watu kumi waufiche ugonjwa wao.

Nne, mgonjwa asaidiwe kumaliza dawa. Utaratibu wa matibabu humruhusu achague mtu wa karibu wa kumsimamia anapomeza. Mwanachama akiombwa kazi hiyo, aipokee. Ni dakika chache kwa siku, nazo huokoa jamaa nzima.

Nguvu ya kujifunza kwa pamoja si jambo geni nchini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Walianza kwa kuulizana maswali, na vyama vyaweza kuanza vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Ni nani katika chama chetu amekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, na ni nani atakayemshauri kwa faragha na kwa heshima?

2. Zahanati iliyo karibu hupokea makohozi siku zipi, na majibu hurudi baada ya muda gani? Nani atakwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?

3. Mwanachama mmoja asimame ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika moja mbele ya wote. Je, kila mzazi sasa anazijua idadi tatu za watoto?

4. Ikitokea dharura ya kifua usiku, ni chombo gani cha usafiri kitapatikana, na nani ana namba ya simu ya mwenye chombo hicho?

5. Halmashauri imeamua nini kuhusu nafasi ya kibarua aliyekwenda kupimwa? Jibu lake liandikwe kabla mizani haijafunguliwa.